Bendera kwanza, sahihi baadaye (kwa mkuu anayetaka heka 5 karibu na Disney)

Mkuu weka kalamu chini kwanza. Nimesoma ulichoandika mara mbili na mara ya pili nimeshindwa kumaliza, ni kama nimejiona mwenyewe 2019. Umeona kibali cha mamlaka ya maji ya South Florida cha eneo la kusini mwa Walt Disney World, dalali kakwambia park ya tano ya burudani ya Disney ndo hiyo inakuja, ana heka 5 kaunti ya Osceola "dakika kumi kutoka getini", na Ijumaa unasaini. Halafu unatuuliza notisi ya kuanza ujenzi ni nini, kama tarehe iliyoandikwa mle ndo siku ya kufungua, ununue kwa jina lako au la kampuni, na habari za mkopo. Subiri.

Hayo mawili ya kwanza chapchap. Ile notisi kwa sheria ya Florida ni karatasi ya malipo. Inasajiliwa kaunti ili fundi na muuza vifaa wajue mwenye mali ni nani wasipolipwa. Tarehe ya mwisho iliyomo ni ya notisi yenyewe kuisha nguvu, wasipoandika tarehe inakufa baada ya mwaka mmoja. Haina uhusiano na kufungua kitu chochote. Wakibadilisha nyaya za jikoni kwenye hoteli wanatoa notisi inayofanana kabisa na ya kujenga roller coaster, na maelezo ya kazi ni kamstari kamoja kasikosema kitu. Na park ya tano: mkataba wa 2024 kati ya Disney na wilaya yao (ni kama serikali ndogo inayosimamia eneo lao) unaruhusu park kubwa ya tano na unataja uwekezaji wa hadi dola bilioni 17 ndani ya miaka 10 mpaka 20. UNARUHUSU. Mimi pia naruhusiwa kununua ndege. Ile hoteli yao ya Reflections ilitangazwa 2018, eneo likasafishwa, 2020 ikasimama, ikaja kurudi miaka kadhaa baadaye kwa jina jingine. Kampasi yao ya ofisi kule Lake Nona, Orlando, ilitangazwa 2021, kuna wafanyakazi waliohama California kwa ajili yake, 2023 ikafutwa. Sasa wewe na dalali wako mna uhakika kuliko waliokuwa ndani?

Lakini hata hilo sio lililonimaliza. Kilichonimaliza ni maji.

Februari 2019 nilipelekwa kuona kiwanja na bwana mmoja wa shati la maua, sitamtaja na hata nikimtaja ile namba yake haipatikani tena. Kwenye gari alikuwa na ramani ya kibali cha Disney, kaiprinti kwa rangi, kaiweka plastiki kama menyu ya mgahawa, na kiwanja changu kakizungushia maka ya njano. Nilivyoona plastiki nikajua huyu mtu yuko siriasi. Kichwa changu mkuu. Plastiki!

Tukafika, pakavu, nyasi zimekauka, kaupepo safi, nikatembea na raba nyeupe mpaka katikati na hazikuchafuka. Nikamuuliza na ile miti kule, maana kulikuwa na miti mirefu yenye mizizi inachomoza chini kama vidole vya mtu aliyezikwa, akaniambia hiyo ni saipresi, wageni wanaipenda, jenga nyumba ya kupangisha watu wa Disney weka na kibaraza kinachoangalia saipresi. Nikauliza tena mbona shina zina mstari, chini rangi nyingine juu rangi nyingine, akasema "ni kivuli". Mzee mzima nikakubali kwamba kivuli kinaacha alama kwenye mti pande zote nne, kumbe ni alama ya maji yanapofika.

Dola elfu 46. Akiba ya miaka sita ya kuendesha lori usiku. Nikalipa taslimu, tena nikajisifia kwamba sina deni.

Sasa kosa langu lilikuwa hili hapa na ndo hilo hilo unalotaka kufanya: niliona kibali cha jirani nikakihesabu cha kwangu. Nilijiambia kama Disney wanajaza kinamasi pale ng'ambo mimi na kibanda changu watanikataza kwa lipi? Mkuu wale wana wilaya yao wenyewe tangu 1967, ilianza ikiitwa Reedy Creek, 2023 serikali ya jimbo ikabadilisha bodi na jina ikawa Central Florida Tourism Oversight District, lakini vibali vya ujenzi mle ndani vinatoka mle mle. Wewe uko nje ya uzio, unapanga foleni kaunti kama sisi wengine. Kwenye maji hata wao wanakwenda kwa mamlaka ileile tutakayokwenda mimi na wewe, tofauti ni kwamba wao walishalipia kujaza kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walinunua ranchi ya heka kama 8,500 huko kusini wakaiacha iwe hifadhi chini ya shirika la uhifadhi la Nature Conservancy, fidia ya vinamasi watakavyovigusa kwao. Heka elfu nane na mia tano! Mimi nilikuwa na heka 5 na raba nyeupe.

Mwezi wa nane nikampeleka mtu wa mazingira, kwa sababu mchoraji ramani alinikatalia kuchora bila karatasi yake. Mvua zilikuwa zimeanza tangu mwezi wa sita. Pale nilipotembea Februari maji yalinifika chini kidogo ya goti. Yule dada hakushangaa hata kidogo, kavaa mabuti marefu, kashika chuma cha kutobolea udongo kama bisibisi ya jitu, anakizungusha, anakitoa, anaangalia. Udongo mweusi tii, unateleza kama tope la mfinyanzi, unanuka yai viza. Anachomeka kibendera cha pinki, maana yake kinamasi kimefika hapa. Hatua chache, anazungusha tena, yai viza, kibendera. Mimi nyuma yake naona vibendera vinazidi kusogea kuelekea mwisho wa kiwanja na moyo nao unasogea. Alipomaliza nikamuuliza ipi sasa ndo sehemu kavu, akaninyooshea kidole kule mbali kabisa.

Pakavu palikuwa chini ya nusu heka. Tena nyuma. Barabara iko mbele. Yaani ili nifike kwenye nusu heka yangu lazima nijaze njia kukatiza kinamasi, na kujaza kunataka kibali, na kibali kinataka fidia, na fidia kwa mtu mdogo maana yake ni kununua kredit kwenye benki ya vinamasi (sio benki ya hela, ni mtu mwenye kinamasi chake kinachotunzwa, anakuuzia sehemu ya utunzaji). Bei niliyotajiwa ya kredit pamoja na kifusi ilizidi bei ya kiwanja. Hapo bado serikali kuu, nayo ina mkono wake kwenye vinamasi. Nilipopiga simu kaunti kuulizia nyumba ya kupangisha kwa usiku, mama wa watu akaniambia kwa upole kwamba kupangisha wageni wa siku chache hakuruhusiwi kila mahali, na pale kwangu ni mahali pasiporuhusiwa. Nikacheka mpaka akaniuliza kama niko salama.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, iandike ukutani: BENDERA KWANZA, SAHIHI BAADAYE. Mtu wa vinamasi atembee kiwanja chote na kuchomeka vibendera kabla hujatoa hata dola mia. Muuzaji akikataa mtu wako asiingie, umeshapata jibu bure. Akisema hati ni safi mwambie hati yangu pia ilikuwa safi kuliko ile raba. Na nenda mwenyewe mwezi wa nane, usiende Februari, Februari Florida nzima inaonekana kiwanja.

Halafu jiulize kitu kimoja. Disney wenyewe walinunua zile heka zao elfu 27 hivi katikati ya miaka ya 60 kwa majina ya kampuni za kuzugia, kwa wastani wa chini ya dola 200 kwa heka, na siri ilipovuja magazetini Oktoba 1965 bei zikaruka. Wanaojua wananunua kimya. Sasa heka 5 kavu, dakika kumi kutoka kwenye park ya tano, zimefikaje kwako na kwa dalali mwenye haraka ya Ijumaa?

Mke wangu kile kiwanja anakiita "ufukweni kwetu". Watoto wanauliza tunaenda lini. Nimejaribu kukiuza mara mbili na kila mara namwonyesha mnunuzi ripoti ya yule dada, na kila mara mnunuzi anakumbuka ana kikao. Bili ya kodi inakuja kila Novemba, nalipa mwezi huohuo kwa sababu ukiwahi wanakupunguzia asilimia 4. Ndo faida niliyowahi kupata pale.

Hilo la jina lako au la kampuni sijui, na mkopo nimesahau uliuliza nini. Nitumie namba ya kiwanja inbox leo, sio kesho. Kaunti wana ramani mtandaoni yenye tabaka la vinamasi, sio sahihi kama bendera lakini inaonyesha harufu. Na uliza dalali wako kama ramani yake ina plastiki.