Mashine za Generation Zero hazijitibu ukikimbia

Ukizijeruhi mashine kisha ukakimbia, je, zinajitibu? Hapana, hazijitibu. Kwenye Generation Zero, mchezo wa video wa kupigana na roboti, kila mashine inabaki na majeraha yake: sehemu uliyoivunja inabaki imevunjika hata mkikutana tena baadaye, upande mwingine wa ramani. Avalanche Studios wenyewe, waliotengeneza mchezo huo, waliutangaza hivyo ulipotoka 2019, na ukicheza utaliona. Kwa hiyo kukimbilia porini si kupoteza risasi, mradi ulilenga kiungo badala ya kumimina tu kifuani. Runner, wale wa miguu minne, piga tangi la mafuta mgongoni, linalipuka naye anakwenda chini. Ila hiyo ni kwa mashine ileile uliyoijeruhi. Nyingine zinazotokea eneo hilo zinakuja nzima, usije ukazichanganya ukadhani imepona.