Soma erori mwenyewe kwanza, AI ije baadaye

Jamani kwenye koding hakuna kinachoudhi kama kuhangaika na programu usiku kucha halafu unakuta tatizo ni nukta pacha (:) tu imesahaulika mwisho wa mstari wa if, ule unaoweka sharti. Unajiona hufai kabisa, na siku hizi hasira ikishapanda mkono unakimbilia AI moja kwa moja, unakopi erori, yaani ule ujumbe wa kosa, unapesti, unasubiri uokolewe. Simlaumu mtu, mimi mwenyewe AI naitumia na inasaidia kweli. Ila kwa muda ambao nimekuwa nikiwasaidia wanaoanza Python, lugha ya kuandikia programu, nimeona wale wanaopesti kila erori bila kuisoma wanabaki palepale, wiki ijayo kosa ni lilelile.

Na erori yenyewe mara nyingi imeshakwambia kila kitu. Tangu Python 3.10 itoke mwaka 2021, ukisahau nukta pacha inakutajia kabisa ndicho kinachokosekana na mstari wenyewe ni upi. Anza kusoma chini, mstari wa mwisho ndio unataja kosa, halafu panda juu utafute jina la faili lako.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni makosa yasiyopiga kelele. Mtu akiandika 5 ukaipokea kwa input, amri inayosoma anachoandika mtumiaji, Python inaichukua kama maandishi, sio namba. Ukijumlisha na 1 programu inagoma, sawa, umejua. Lakini ukizidisha mara 3 inakupa 555 kimyaa, haigomi wala nini, na hapo huna cha kukopi! Ni jicho lako tu litakalokuokoa, na jicho hilo linajengwa na zile erori ndogondogo unazozisoma mwenyewe. (Hapo printi ukitumia repr, inayokuonyesha kitu jinsi Python inavyokiona, ukiona alama za nukuu pembeni ya 5 ujue ni maandishi, iweke ndani ya int iwe namba, yaishe.)

Tena usijione mjinga, haya yanawapata hata mabingwa. Mwaka 2014 Apple ilibidi watoe marekebisho ya haraka kwenye iPhone na Mac kwa sababu ya mstari mmoja, goto fail (yaani ruka moja kwa moja hadi sehemu iitwayo fail), uliojirudia mara mbili, ukafanya ukaguzi wa usalama wa mawasiliano urukwe. Na programu ilikuwa inafanya kazi vizuri tu.

Sasa ukienda kwa AI, usipesti erori peke yake, iambie ulitegemea nini, umepata nini na wewe unahisi shida iko wapi, halafu iombe ikueleze chanzo kabla ya kukuandikia chochote. Na ikikuletea try na except, yaani amri za kuikamata erori programu isisimame, kuzunguka mstari unaogoma, kataa kwanza, maana mara nyingi hapo erori imefichwa tu, kosa bado liko ndani na sasa hata halikupigii kelele tena.