Maswali na majibu: Kusi imevuma, stima imekatika

Kusi ikichacha, matawi ya miembe na makuti ya minazi huangukia nyaya, na mitaa ya Mombasa kutoka Likoni hadi Kisauni hukaa gizani saa kadhaa, pengine siku mbili. Maswali mengi tuliyoletewa yanahusu namna ya kupata mwangaza. Giza lenyewe ni usumbufu. Kinachotutia wasiwasi zaidi ni mambo matatu: waya uliolala chini, moshi wa makaa na jenereta, na ile dakika stima inaporudi. Tunaanza na waya kwa kuwa hauwezi kungoja.

Tawi la mwembe limevunjika usiku na waya wa stima umelala njiani, wanapopita watoto wa madrasa. Majirani wasema hauna stima kwa sababu mtaa mzima uko gizani. Ni kweli? (Msomaji, Kisauni)

Hapana, na msijaribu kuhakikisha. Mtaa kuwa gizani hakumaanishi kwamba waya ule umekufa. Huenda umekatika upande mmoja tu na upande wa pili bado umeshikana na transfoma. Tena njia nyingi za volti 11,000 na 33,000 zina swichi zinazojirudisha zenyewe baada ya hitilafu, kwa hivyo waya uliotulia dakika hii waweza kuwa na stima dakika ijayo bila kutoa cheche wala sauti. Na jirani mwenye jenereta iliyounganishwa vibaya aweza kuurudishia stima kutoka upande wa nyumba. Hilo tutalifikia.

Kaeni mbali hatua kumi kubwa, yaani mita 10, na mbali zaidi kama ardhi imelowa au waya umegusa ua wa mabati au seng'enge. Stima husambaa ardhini kutoka pale waya ulipogusa, na nguvu yake hupungua kadiri unavyokwenda mbali. Mtu akipiga hatua ndefu karibu na hapo, mguu mmoja huwa kwenye volti nyingi na wa pili kwenye volti chache, na stima hupitia mwilini. Aliyejikuta tayari yuko karibu aunganishe miguu na aburure nyayo kidogokidogo bila kuziinua mpaka awe mbali. Waya ukiangukia gari, abiria wabaki ndani. Wakilazimika kutoka kwa sababu ya moto, waruke miguu ikiwa pamoja bila kugusa gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha waburure nyayo vivyo hivyo.

Mti mkavu wa kuusogezea waya, tunaosikia ukipendekezwa kila mara, haufai kwa waya wa nguzo. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na mti unaouona mkavu haujakauka vya kutosha kuzuia volti 11,000. Wekeni mtu mzima kila upande wa njia awageuze watoto, kisha pigeni simu Kenya Power, namba 97771. Semeni neno "waya umeanguka" mwanzo kabisa, taja alama ya karibu kama msikiti au shule, na namba iliyoandikwa kwenye nguzo au transfoma ikiwa yaonekana kutoka mbali.

Upepo mkali ulipita juzi na stima haikukatika. Leo manyunyu kidogo tu, nguzo yatoa cheche na stima imezima. Mbona? (Msomaji, Shanzu)

Ni chumvi. Kusi hutoka baharini na hubeba matone ya maji ya chumvi, ambayo hukaukia kwenye vikombe vya kauri vinavyoshikilia nyaya. Chumvi kavu haipitishi stima. Mvua kubwa ingeiosha, lakini manyunyu huilowesha tu, ikawa njia ya stima kutoka kwenye waya hadi kwenye nguzo. Nguzo ya mti yaweza hata kuungua kileleni. Ripoti cheche hizo, na usiegemee nguzo wala kamba yake ya chuma.

Stima ilirudi, taa zetu zikawaka kwa mwanga mkali ajabu, za jirani zikawa hafifu kama mshumaa. Baada ya dakika chache televisheni na friji zikaungua. Tatizo ni nini, na tungefanyaje? (Mama wa nyumba, Mikindani)

Pole sana, mama. Dalili ulizoeleza, kwako mwanga mkali na kwa jirani hafifu, ni za kukatika au kulegea kwa nyutro, yaani waya wa kurudishia stima, jambo la kawaida baada ya upepo kuyumbisha nguzo. Nyumba nyingi hupokea laivu moja (waya unaoleta stima) na nyutro, volti 240. Jirani yako huenda yuko kwenye laivu nyingine, na kati ya laivu mbili kuna volti 415. Nyutro ikiwapo, kila nyumba hupata 240 yake. Ikikatika, nyumba yako na yake huwa kama zimefungwa mfululizo katika mstari mmoja na kugawana zile 415, wala si sawa kwa sawa: mwenye vyombo vichache vinavyotumia stima ndiye anayepata volti nyingi. Jirani akiwasha birika na pasi, nyumba yenye televisheni na taa mbili yaweza kupokea volti zaidi ya 300.

Ukiona mwanga usio wa kawaida, mkali au hafifu, zima swichi kuu saa ileile. Usianze kuzunguka ukichomoa kimoja kimoja. Kisha waambie majirani nao wazime, na uripoti ukisema "nyutro imekatika", maana fundi akisikia hivyo anajua la kutafuta.

Ekstensheni yenye taa nyekundu iliyoandikwa kwamba inalinda vyombo haitakusaidia hapa. Ile huzuia mshtuko wa ghafla usiofika hata sekunde, haizuii volti 300 zinazokaa dakika tano. Kinachofaa ni kile kifaa cha kulinda friji ambacho hukata stima volti zikipita kiwango au zikishuka mno, na hungoja dakika kadhaa kabla ya kuirudisha. Kungoja huko kuna maana: kompresa, yaani injini ya friji, iliyosimama ghafla huhitaji dakika 3 hadi 5 ili shinikizo la gesi lisawazike. Ikilazimishwa kuanza kabla ya hapo, au kwa volti 160, hushindwa kuzunguka, huvuta stima nyingi na huunguza waya wake wa ndani.

Kwa hivyo stima ikikatika, chomoeni friji, televisheni na pasi, muache taa moja tu ikiwa imewashwa ili iwape habari. Ikirudi, ngojeni dakika 10 hadi 15, mtazame kama mwanga umetulia, kisha anzeni na friji peke yake. Mtaa mzima ukiwasha kila kitu kwa pamoja, volti hushuka na fyuzi ya transfoma huweza kukatika tena, mkarudi gizani.

Nina friza la samaki: nguru, jodari, changu na pweza. Stima imekatika tangu jana magharibi. Nitajuaje kipi kiuzwe na kipi kitupwe? (Mfanyabiashara, Likoni)

Friza lililojaa na lisilofunguliwa hushikilia baridi kama saa 48, lililo nusu kama saa 24. Friji la kawaida ni saa 4 tu. Hizo ni hesabu za jumla. Katika chumba chenye joto la nyuzi 30 na zaidi, na mpira wa mlango uliolegea, hesabu pungufu. Funika friza kwa blanketi, ukiacha upande wa injini wazi stima ikirudi, na usilifungue kutazama.

Utakapolifungua, gusa. Samaki mwenye chembe za barafu ndani ya nyama, au mwenye joto lisilozidi nyuzi 4, anaweza kugandishwa tena ingawa nyama italegea kidogo. Aliyeyeyuka na kukaa kwenye joto zaidi ya saa 2 atupwe, na siku ya joto kali hesabu saa 1.

Tunasisitiza jodari na nguru, pamoja na vibua. Nyama yao ikipata joto, bakteria hutengeneza histamini, na histamini haiondoki kwa kukaangwa, kuchemshwa wala kugandishwa tena. Samaki aweza kuonekana na kunuka vizuri kabisa, na bado mlaji akapata uso mwekundu, muwasho, kuumwa kichwa na ladha ya pilipili mdomoni ndani ya saa moja. Changu na pweza hawana hatari hiyo hasa, lakini huoza kama nyama nyingine, na sheria ya saa 2 ni yao pia.

Ikiwa huna hakika stima itarudi lini, nunua barafu mapema, kabla samaki hawajayeyuka. Kwa joto letu ni kilo 1 ya barafu iliyopondwa kwa kilo 1 ya samaki, tabaka la barafu, la samaki, la barafu, ndani ya kasha lenye tundu la kutolea maji. Samaki akielea kwenye maji yaliyoyeyuka huharibika upesi.

Siku za kawaida, gandisha kikombe cha maji ndani ya friza na uweke sarafu juu ya barafu yake. Ukikuta sarafu imezama chini, ujue friza liliyeyuka na kuganda tena ulipokuwa hupo.

Jirani ametengeneza waya wenye plagi pande zote mbili, achomeka jenereta kwenye soketi na nyumba nzima yapata stima. Nasi tuige? (Msomaji, Mtongwe)

Msiige, na mwambieni aache leo. Stima ya jenereta hutoka kupitia mita hadi kwenye transfoma, na transfoma ile ile inayoshusha volti 11,000 kuwa 240 huzipandisha zikienda kinyume. Fundi aliyepanda nguzo akijua laini imezimwa aweza kuuawa na jenereta ndogo ya nyumbani. Plagi ya pili nayo, ikichomoka, hubaki na meno yenye stima mkononi mwa mtu. Na stima kuu ikirudi jenereta ikiwa inanguruma, huharibika au hushika moto.

Njia mbili ndizo salama. Chomeka vyombo moja kwa moja kwenye jenereta kwa ekstensheni nzito, au fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, awafungie swichi ya kubadilishia, inayotenga nyumba na laini ya nje kabla ya kupokea jenereta.

Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka madirisha na milango, moshi ukielekea kule upepo unakokwenda. Barazani, ukumbini au chini ya ngazi si nje. Moshi wake una kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Jiko la makaa ni hivyohivyo, na makaa yaliyobaki mekundu bila moshi ndiyo yanayodanganya watu wakayaingiza chumbani usiku wa mvua. Mtu akiumwa kichwa, akasikia kizunguzungu na kichefuchefu, mtoeni nje kwanza, kisha hospitali.

Mama yangu anatumia insulini. Friji limezima tangu asubuhi. (Msomaji, Tudor)

Usiogope. Aina nyingi za insulini zinazotumika sasa hustahimili siku 28 nje ya friji, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Soma karatasi ya ndani ya pakiti, kwa kuwa siku hutofautiana. Shida ya Mombasa ni hizo nyuzi 30 zenyewe. Tia chupa ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko, uliweke kwenye mtungi wa udongo uliofunikwa kitambaa kibichi, kivulini penye upepo. Hupunguza nyuzi chache, ingawa siku ya unyevu mwingi haupunguzi sana. Ukitumia barafu, izungushie taulo ili isiguse dawa: insulini iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka. Hutupwa pia ile ya maji maangavu iliyogeuka ukungu, na yoyote yenye mabonge. Asiruke dozi kwa sababu ya wasiwasi. Apime sukari mara nyingi zaidi, na ikipanda bila sababu afungue chupa mpya.

Nataka betri ya kuniwezesha kulala na feni. Betri ya volti 12, ampea-saa 100 na inverta zatosha? (Msomaji, Magongo)

Zidisha 12 kwa 100, upate wati-saa 1,200. Betri ya risasi na asidi usiimalize zaidi ya nusu, la sivyo itakufa mapema, kwa hivyo una 600. Inverta, inayogeuza stima ya betri iwe kama ya nyumbani, hula kama asilimia 15, zabaki 510. Feni ya meza ya wati 50 kwa saa 8 ni 400. Taa tatu za wati 5 kwa saa 4 ni 60. Ruta ya intaneti ya wati 10 kwa saa 4 ni 40. Jumla 500. Yatosha kwa shida, na friji halimo.

Ushauri wetu: nunua feni ya volti 12 ya wati 20 iunganishwe kwenye betri bila inverta. Saa 8 ni wati-saa 160 tu, na betri hiyohiyo itakupa usiku wa pili na wa tatu. Betri ya lithiamu ya ukubwa huo hutoa karibu 1,000 badala ya 600, ikiwa mfuko waruhusu. Betri ya gari usiitumie kwa kazi hii, sahani zake ni nyembamba na zimetengenezwa kwa kuwasha injini. Weka fyuzi kwenye waya wa chanya, isizidi sentimita 30 kutoka betri, na betri ya asidi isikae chini ya kitanda, kwa sababu hutoa gesi inayolipuka inapochajiwa.

Mtaa mzima una stima isipokuwa kwangu. (Msomaji, Bamburi)

Tazama salio la tokeni kwanza. Likiwapo, nenda kwenye ubao wa fyuzi. Kama swichi ile yenye kitufe cha majaribio cha T imeanguka, zima swichi zote ndogo, iinue, kisha washa ndogo moja moja. Itakayoiangusha ndiyo yenye hitilafu, na baada ya mvua ya upepo mara nyingi ni soketi au taa ya nje iliyoingia maji. Iache hiyo imezimwa, tumia zilizobaki, umwite fundi. Kama hakuna kilichoanguka na mita haina taa, tatizo liko kwenye waya wa kutoka nguzoni. Usifungue kisanduku cha mita. Piga 97771 ukiwa na namba ya mita mkononi.