Salfeti si jina la dawa moja

Swali: Nina michungwa Muheza, Tanga. Nimeshauriwa nipulizie mrututu kuzuia ukungu, lakini pakiti imeandikwa "salfeti ya shaba". Muuza duka anasema salfeti ni asidi ile ile ya betri, na nikikosa mrututu nitumie SA (mbolea ya salfeti ya amoniamu) kwani nayo ni salfeti. Nimfuate?

Jibu: Usimfuate, ndugu. Salfeti ni chumvi inayopatikana pale hidrojeni ya asidi ya salfuriki inapoondoka na nafasi yake kushikwa na metali au amoniamu. Ikibaki nusu ya hidrojeni huitwa bisalfeti, nayo bado ina ukali wa asidi. Mrututu ndio hiyo salfeti ya shaba, nao hauko kundi hilo.

Kosa linaloniudhi ni kudhani salfeti zote ni kitu kimoja. Hilo ni jina la ukoo tu, tabia inategemea mwenzake. Jasi ni salfeti ya kalsiamu, hutiwa kwenye saruji isishike upesi mno. Haluli ni salfeti ya magnesiamu, huharisha. SA ina naitrojeni 21%, ni chakula cha mmea. Haiui ukungu hata ukipulizia gunia zima. Kwenye mrututu kinachoua ukungu ni shaba, na shaba hiyo hiyo ndiyo inayounguza majani ukiipulizia peke yake. Ndiyo maana huchanganywa na chokaa.

Kwa lita 10: yeyusha gramu 100 za mrututu katika lita 5 za maji, ndani ya ndoo ya plastiki. Ndoo ya chuma italiwa, nayo shaba itang'ang'ania humo. Koroga gramu 100 za chokaa iliyozimwa katika lita 5 nyingine, chuja, kisha mimina maji ya mrututu ndani ya chokaa huku ukikoroga. Yatageuka uji mwepesi wa buluu. Chovya msumari uliosuguliwa, subiri dakika chache: ukitoka na wekundu wa shaba, ongeza chokaa. Pulizia siku hiyo hiyo, kwa sababu mchanganyiko ukilala, chembe hushikana na haung'ang'anii majani tena. Mabaki usimwage mtoni. Shaba huua samaki.

Sasa hao wanaouza mrututu uliosagwa kama dawa ya vidonda na ya tumbo, wakidai "ni chumvi tu". Chumvi ya kemia si chumvi ya mboga! Ukiwekwa kwenye kidonda hula nyama nzima pamoja na iliyooza, na shaba huingia mwilini. Ukimezwa huchoma tumbo, huvunja chembe nyekundu za damu, huharibu ini na figo. Kondoo ndio hufa kwa shaba kidogo kuliko mbuzi na ng'ombe, kwa hiyo usiache mrututu zizini.

Mtu akimeza, msimtapishe wala msimpe maji ya chumvi. Msuuzeni mdomo, mkimbizeni hospitali, na pakiti mwende nayo.