Jibu: A380 za Emirates zinaruka wapi?

Mkuu, umeuliza kama unaweza kupanda A380, ile ndege kubwa ya Airbus yenye ghorofa mbili, ya shirika la Emirates la Dubai, kutoka Dar au Nairobi. Hapana, huku kwa kawaida huja Boeing 777. A380 utaipata ukishabadilisha ndege Dubai, kuelekea London Heathrow, Paris, Sydney au New York. Kwa Afrika, tazama Johannesburg na Mauritius.

Wengi husingizia mwinuko wa Nairobi kutoka usawa wa bahari, kwamba ndio unaizuia A380 kuja. Si kweli. Johannesburg iko juu zaidi, karibu mita 1,700, na A380 inatua. Sababu kubwa ni abiria: ile yenye madaraja mawili ya tiketi, Business na Economy, ina viti 615, tena injini nne za kulisha mafuta, hivyo ikiruka nusu tupu ni hasara. Heathrow inaifaa sana kwa kuwa nafasi za kutua ni haba, basi kila safari ibebe watu wengi. Halafu mabawa ya A380, ncha hadi ncha, ni karibu mita 80, ya 777-300ER (aina ya Boeing 777) hayafiki 65. Maegesho lazima yawe mapana.

Unapokata tiketi tafuta alama 388, hiyo ndiyo A380. Ukiona 77W, hiyo ni 777-300ER. Hakiki tena siku chache kabla ya safari, maana ndege hubadilishwa na kiti ulichochagua ghorofa ya juu hupotea.