Dada, sertraline usiikate ghafla

Dada wa Masasi unayetaka kuacha sertraline, dawa ya wasiwasi na sonona, kesho kwa kuwa wasiwasi umetulia: subiri kwanza. Ukiikata ghafla baada ya miezi, unaweza kupata kizunguzungu, usingizi ukapaa, hata ukahisi kama shoti ya umeme kichwani. Wengi hapo hudhani ugonjwa umerudi, kumbe mwili unazoea kukosa dawa. Dozi hushushwa kidogo kidogo, wiki hadi miezi, daktari akikufuatilia. Kumeza leo na kuruka kesho siko kupunguza. Huko ndiko kujivuruga. Anzia hospitali ya Mkomaindo hapo hapo Masasi, ikibidi watakupa rufaa ya Ligula, hospitali ya mkoa kule Mtwara. Na usianze kupunguza dozi kipindi cha pilika za mnada wa korosho! Ukipata mawazo ya kujidhuru, nenda hospitali siku hiyo hiyo.