Barua kwa Mwanangu: Mlango wa Mwadui

Langoni, Lamu

Mwanangu Zuhura,

Sisi hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeniuliza kama uikubali au uikatae kazi ya miezi mitatu ya kutengeneza pampu za maji katika migodi ya shaba na kobalti ya Kolwezi, huko Kongo. Nitalifikia swali lako, lakini lipo jambo linalolitangulia: mtu afike kwanza, kazi ifuate baadaye.

Unajua kwamba mwaka 1974 nilikwenda Mwadui, Shinyanga, kwenye mgodi wa almasi ulioanzishwa na Mkanada John Williamson mwaka 1940. Kisa cha treni nimewasimulieni kila Ramadhani. Cha mlango sijapata kukisimulia. Mkandarasi mmoja aliyejenga nyumba za wafanyakazi alitaka mlango wa nakshi wa Lamu kwa ofisi yake. Marehemu babu yako alichagua msaji mwenyewe, tukauchonga miezi minne. Tukaufungua vipande vipande, nikavuka nao hadi Mokowe kwa mashua, nikaupakia basi hadi Mombasa na Dar es Salaam, kisha treni kupitia Tabora hadi Shinyanga, na mwisho lori.

Nilifika Jumatano jioni, na mkandarasi akataka mlango usimame kesho yake kwa kuwa alikuwa na wageni. Nikausimamisha. Ilikuwa Septemba, wakati ambapo kule hakuna tone la mvua na upepo hukausha midomo. Siku ya tisa nilisikia mlio kama wa kuni motoni. Ufa ulikuwa umeanzia juu ya mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, ukashuka na kulipasua katikati lile waridi alilolichonga babu yako kwa mkono wake, na ukucha wangu uliingia ndani yake bila kugusa kando. Mti uliozoea unyevu wa bahari ulikuwa umetoa maji yake kwa haraka, nami nilikuwa nimeubana kwa misumari usipate nafasi ya kusinyaa.

Mkandarasi alinikata nusu ya malipo. Fedha nilizisamehe zamani, ninachokilaumu hadi leo ni ulimi wangu ulioshindwa kumwambia, “Nipe majuma matatu.” Babu yako nilimwambia kwamba mlango umependeza. Baadaye seremala mmoja mzee wa Kisukuma alinionyesha mbao zake za mninga, alizozipanga kivulini, kijiti kati ya ubao na ubao, ndani ya chumba kile kile zitakamofanyiwa kazi. Mtu afike kwanza, mwanangu.

Utaniambia kwamba pampu si mlango, na kwamba wewe umesomea kazi yako ilhali mimi nilikuwa kijana wa miaka 22. Ni kweli. Lakini wewe ndiye uliyenieleza kwamba Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwamba huko pampu haiwezi kuvuta maji kutoka kina inachovuta hapa pwani, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Tena wanakutaka Januari, katikati ya mvua zao, mashimo ya migodi yakiwa yanajaa maji na pampu hazizimwi usiku wala mchana. Kiswahili wanakisema, ila si hiki chetu, na neno moja likikupita karibu na umeme na maji halina wa kulirudia.

Basi ni kama nakukataza? Hapana. Ningebaki hapa, nisingeiona mninga ile, wala nisingejifunza kuusubiri ubao. Jibu ninalo, Zuhura, na kulizuia kunanitaabisha, lakini ukilipata leo utalifuata kwa sababu ni langu. Kwanza waulize hili, uniandikie walivyojibu: siku watakayokufikisha Kolwezi na siku watakayokukabidhi pampu ya kwanza, zimepishana siku ngapi?

Ni mimi baba yako.